Fedha ya Korosho Ianzie Kwenye Hati

Mnada wa korosho ukianza Oktoba na malipo ya vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) yakaingia, fundi mwashi hapatikani Mtwara. Saruji inabebwa kwa guta, bati zinaelekea Naliendele, Mahurunga na Msimbati. Kinachosahaulika ni karatasi ya kiwanja.

Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu 1962, lakini Watanzania walio wengi wanalala kwenye nyumba walizojijengea. Kwa hiyo mpango wa nyumba unaoweza kuwafikia wengi ni urasimishaji: kupima na kumilikisha palepale watu walipo. MKURABITA, mpango wa serikali wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ulianzishwa 2004 kwa shabaha hiyohiyo.

Ukiwa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, anzia ofisi ya serikali ya mtaa. Uliza kama mtaa wenu umeingia kwenye urasimishaji, maana kupimiwa pamoja na majirani ni nafuu kuliko kumwita mpimaji peke yako. Usilipe mkononi, dai risiti. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99.

Kijijini, karatasi yako ni hati ya hakimiliki ya kimila, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Maombi hupelekwa halmashauri ya kijiji. Siku ya kuhakiki mipaka usiende shamba la mbali: jirani akionyesha kuwa mpaka ni mkorosho ule wa ndani kwako, na wewe haupo, utakuja kuhangaika mabarazani.

Walio Msimbati na mdomo wa Ruvuma wakumbuke kuwa eneo hilo lina Hifadhi ya Bahari tangu 2000, na sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto. Uliza kabla ya kuchimba msingi.

Andikisheni mume na mke wote. Sheria ya Ndoa ya 1971 tayari inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Majina mawili kwenye hati yanakata ubishi.

Hati ikitoka, usiikimbize benki kukopa fedha za kujenga vyumba vya kupangisha. Miaka ya pilikapilika za gesi, kodi za nyumba mjini zilipaa. Kazi ya bomba la gesi ilipokwisha, wapangaji nao wakaondoka. Kwangu mimi, bora chumba kimoja cha kupangisha kila msimu kwa fedha yako mwenyewe. Ukiamua kukopa, hakikisha rejesho utalimudu hata mwaka ambao bei ya korosho imeanguka, na hati yenyewe usimwachie kamwe mkopeshaji wa mtaani asiye na leseni.