Mdogo Wangu, Toa Madeni Yako Kwenye Simu

Mdogo wangu wa Kibirizi, ujumbe wako niliusoma usiku, nikacheka, halafu kicheko kikakatika. Unasema simu imeanza kujizima ikifika asilimia arobaini, na humo ndani ndimo yalimo madeni yote ya msimu: nani kachukua magunia mawili ya dagaa kwa mali kauli, nani kalipa nusu, nani kaahidi kulipa giza likiingia. Unaniuliza ununue simu gani. Hilo la simu mpya lisubiri. Kwanza tutoe yaliyomo, maana simu inayojizimazima haikuagi.

Nakwambia hivi kwa kuwa yalinikuta. Mwaka juzi nilikuwa nashuka kwenye boti hapohapo mwaloni, kikapu mkononi, simu nimeibana kwenye pindo la kanga. Mguu mmoja ubaoni, mmoja majini, simu ikachomoka. Maji yalikuwa ya magotini tu, kokoto zote unaziona, nikaiokota kabla hata sijaita mama. Nikaifukia kwenye mchele siku tatu kama watu walivyonishauri. Mchele tukaupika, simu haikuwaka. Noti zangu zilikuwa zimeshajihifadhi kwenye akaunti ya imeli, ila nywila siikumbuki, na namba iliyofungamana na akaunti hiyo ni ya laini niliyoitupa zamani. Basi mpaka leo zipo, salama salimini, kwenye seva za watu huko. Mimi ndiye nisiyeziona.

Kwa hiyo usijibu "Dada, zinajihifadhi zenyewe". Fungua hiyo programu unayoandikia, tazama jina lake.

Kama ni Google Keep, fungua noti, gusa nukta tatu, tafuta pa kutuma. Utaona njia ya kuinakili kwenda Google Docs. Kwa noti kumi au kumi na tano, hiyo inatosha. Ukiwa nazo mia, tafuta kompyuta, uingie takeout.google.com. Ukifika utakuta tiki zimeshawekwa kwenye kila kitu. Ziondoe zote, ubakize Keep peke yake, la sivyo utapakua picha za harusi tatu na bando la wiki likaishia hapo. Watakutumia kiungo kwa imeli. Kiungo hicho hufa baada ya siku saba hivi, usiseme utapakua ukirudi Kasulu. Kinachokuja ni faili la zip, na ukilifungua kila noti imekuja mara mbili: ya HTML, inayofunguka kwenye kivinjari chochote, na ya JSON, ambayo imejaa mabano na alama za kukutia kizunguzungu. Hiyo ya pili ni ya mashine kusoma. Iache ilale hapo. Siku ukihamia programu nyingine huenda ikahitajika.

Kama ni Samsung Notes, kazi ni nyepesi zaidi. Bonyeza noti kwa muda, chagua na wenzake, kisha hifadhi kama faili. Utaulizwa: PDF, Word, picha, au maandishi matupu? Wengi hukimbilia PDF kwa sababu inapendeza. PDF ni nzuri ya kumwonyesha mdaiwa anayebisha, lakini aliyelipa kesho utamfutaje humo? Kwa madeni chukua na maandishi matupu, ambayo hata simu ya bei ya chini kabisa inayafungua. Ila ulichochora kwa kidole, kama wewe unavyopiga vijistari vinne na kuvikata kwa cha tano kuhesabu ndoo, hakiingii kwenye maandishi matupu. Hicho kinataka PDF au picha. Chukua zote mbili, hazili nafasi.

Wenye iPhone, mwaloni mnahesabika: noti moja moja, kupitia sehemu ya kuchapa, inatoka PDF. Inachosha, ila inafika.

Na nyie mnaojiandikia wenyewe WhatsApp, msidhani sijawaona. Mle ndani ya gumzo, kwenye nukta tatu, kuna sehemu ya kulihamisha lote. Ukichagua bila picha wala sauti, inabeba ujumbe wa karibuni hadi 40,000. Ukitaka na picha zake, mwisho 10,000. Litatoka faili la maandishi, la kusoma tu, halirudi tena kuwa gumzo. Na zile orodha mnazoinong'oneza simu saa kumi alfajiri boti zikiingia hazitageuka maneno. Kaa chini uziandike.

Sasa nataka nikupeleke Ujiji kidogo. Pale kwenye makumbusho ya Livingstone wageni hupiga picha, kwa sababu ndipo Stanley alipomkuta mwaka 1871, kisha wanaondoka. Mimi pale huwa nawaza daftari. Mzee yule alipokuwa Manyema aliishiwa karatasi na wino, akawa anaandika juu ya gazeti kuukuu la Uingereza la mwaka 1869, mwandiko wake ukikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mimea. Baadaye maandishi hayo akayahamishia kwenye daftari kubwa, na Machi 1872, kule Tabora, Stanley akaondoka nalo limetiwa lakiri. Nakala ikafika Uingereza. Magazeti yenyewe wino ukafifia hata hayasomeki, mpaka watafiti walipoyapiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali na kutoa matokeo yao mwaka 2011. Ndipo ilipoonekana wazi kwamba katika kuhamisha, mzee aliyaacha mengine na mengine akayabadili.

Programu nazo huacha vitu, tena bila kukuambia. Ukumbusho uliouwekea saa unabaki nyuma. Rangi nyekundu uliyowapa wadaiwa sugu huweza kupotea, na bila ile rangi wote wanaonekana waungwana. Kwa hiyo usifute ya asili siku ileile uliyotoa nakala. Na pale rangi ilipokuwa na maana, andika neno: "sugu".

Jambo jingine, na hapa naomba unisikilize vizuri. Faili hilo lina majina ya watu, namba zao na wanachodaiwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, nani anataka deni lake lisomwe kwenye kundi la wachuuzi? Ukienda stesheneri pale Mwanga kuchapa, nenda na flashi yako. Usimtumie kijana wa watu faili WhatsApp. Ukishaondoka litabaki kwake miaka. Kama uliingia kwenye akaunti yako katika kompyuta yake, toka. Futa ulichopakua, halafu kifute na kwenye kikapu cha taka, maana wengi husahau kikapu. Na kama uliwahi kuandika namba ya siri ya pesa za simu ndani ya noti (usinijibu, najua uliandika), iondoe kabla hujatoa chochote.

Nakala moja iweke kwenye memori kadi au flashi, nyingine jitumie kwa imeli ambayo nywila yake unaikumbuka kichwani. Iliyochapwa itie kwenye mfuko wa plastiki, uiweke nyumbani. Mbalamwezi hii wavuvi wengi wamepumzika, kazi mwaloni ni ndogo. Tumia siku hizi hizi.

Kisha lifungue faili hilo kwenye simu ya mtu mwingine, bando likiwa limezimwa. Lisipofunguka hapo, bado hujatoa kitu. Binamu yangu wa Katonga alifanya hivyo Jumapili kwenye simu ya kaka yake. Likafunguka. Walipokuwa wanalipitia jina kwa jina, wakakuta mama mmoja wa Gungu ameandikwa mara mbili kwa gunia lilelile, ambalo alikuwa ameshalilipa, na kwa wiki tatu nzima binamu alikuwa anamnunia.