Bustani Katika Magofu ya London

London ndio mji mkuu wa Uingereza. Watu wake huhesabiwa kwa mamilioni, na nyumba zake zimesongamana sana. Katika mitaa mingi mtu hawezi kuona mahali pa kupanda hata shina moja la kabichi. Tangu zamani watu wa mji ule walizoea kununua chakula madukani, na sehemu kubwa ya chakula hicho ililetwa kwa merikebu kutoka nchi za mbali: ngano, nyama, siagi, sukari, hata vitunguu. Mwenye fedha mkononi hakuuliza chakula kimelimwa wapi, wala na nani.

Mwezi wa Septemba 1939 Vita Vikuu vya Pili vilianza. Manowari za Wajerumani, ziendazo chini ya maji, zikaanza kuzizamisha merikebu za chakula, na mabaharia wengi wakafa pamoja na shehena zao. Januari 1940 serikali ikaanza kugawa chakula kwa kipimo. Kila mtu alipewa kitabu chake, asiweze kununua siagi wala sukari kupita kiasi kilichoandikwa. Mwaka ule ule Ufaransa ilishindwa vitani, na vitunguu vilivyokuwa vikiletwa kutoka pwani yake havikuja tena. Kitunguu kikawa kitu cha thamani.

Tangu Oktoba 1939 serikali ilikuwa imewaita watu wote walime mboga penye nafasi yo yote: uani, bustanini, na kandokando ya reli. Lakini kuambiwa si kujua. Watu wengi wa mjini walikuwa hawajashika jembe maisha yao yote. Wengine walipanda kabichi zao zote siku moja. Zikakomaa zote pamoja wakati wa kiangazi, zikawa nyingi kupita haja, nyingine zikaoza. Na baridi ilipokuja, nyumba haikuwa na mboga hata jani moja.

Basi wenye ujuzi wa bustani wakajitolea kuwafundisha jirani zao pasipo ujira. Baada ya kazi zao za kila siku walikwenda kuwaonyesha watu jinsi ya kuchimba, kupanda na kupalilia. Bwana C. H. Middleton alikuwa akifundisha kwa redio siku za Jumapili, na watu wengi walimsikiliza. Lakini redio haiwezi kuona kama mfereji umechimbwa vibaya. Jirani huona, naye husahihisha papo hapo.

Serikali nayo ilitoa karatasi za mafundisho. Moja ilionyesha shamba dogo la futi 90 kwa 30, limegawanywa sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya njegere, maharagwe na vitunguu. Ya pili ya viazi na karoti. Ya tatu ya kabichi na mboga nyingine za majani. Kila mwaka mazao yalihamishwa sehemu, ili udongo usichoke wala wadudu wasizoee mahali pamoja. Tena watu walifundishwa kupanda kidogo kidogo kwa zamu, wapate mboga mwaka mzima. Maganda na majani makavu hayakutupwa, bali yalirundikwa yaoze, yawe mbolea.

Upande wa mashariki wa London uko mtaa uitwao Bethnal Green. Siku zile wakaao humo wengi walikuwa maskini. Tangu tarehe 7 Septemba 1940 eropleni za Wajerumani ziliupiga mji kwa mabomu usiku baada ya usiku. Nyumba nyingi zikabomoka, na mahali pake pakabaki kifusi kitupu. Mwaka 1942 watu wa mtaa huo walikuwa wakifanya shirika ili wayageuze magofu yale kuwa mashamba.

Kabla ya kupanda ilipasa kwanza kuondoa matofali, vyuma na vigae vya kioo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo wazee, wanawake na watoto walifanya kazi pamoja. Karibu na njia iitwayo Russia Lane watoto wa shule waliokota mawe, wakatifua ardhi, wakapanda mboga. Udongo uliokuwa chini ya kifusi ulikuwa hafifu, nao ulihitaji mbolea nyingi na uvumilivu zaidi. Lakini mahali palipoanguka nyumba pakaota kabichi. Mwezi wa Juni 1943 Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George wa Sita, alikwenda kuyatazama mashamba yale.

Mambo kama hayo yalifanyika mahali pengi. Hata handaki la ngome ya kale iitwayo Tower of London lililimwa mboga. Mwaka 1943 mashamba madogo ya namna hiyo katika nchi yalifika kadiri ya 1,400,000.

Vita vilikwisha 1945, lakini upungufu haukwisha siku ile. Kugawa chakula kwa kipimo kuliendelea mpaka Julai 1954. Baadaye mashamba mengi yalijengwa nyumba tena, kwa maana watu walihitaji pa kulala. Hata hivyo aliyejifunza kulima hakunyang'anywa ujuzi wake pamoja na shamba. Aliweza kumfundisha mwanawe, hata kama amebakiwa na kopo moja la udongo dirishani.

Serikali iliweza kuwaita watu na kuwapa karatasi, lakini haikuweza kuinama katika kila ua. Kazi hiyo ilifanywa na jirani aliyejua kidogo, asiyemficha mwenziwe alichokijua.

MASWALI

1. Kwa nini watu wa London waliona upungufu wa chakula wakati wa vita?
2. Kabichi zilizopandwa zote siku moja zilileta hasara gani?
3. Eleza sababu mbili za kuhamisha mazao kila mwaka.
4. Jirani aliweza kufanya nini ambacho redio haikuweza?
5. Pima ua wa nyumba yenu au wa shule. Chora picha yake, uigawanye sehemu tatu, uandike utakachopanda katika kila sehemu mwaka huu na mwaka ujao.