Watafiti wanataka kunihoji, nikubali?

*Nilizaliwa nikaitwa mvulana, lakini najijua mwanamke. Watafiti wa afya wanataka kunihoji. Naogopa siri yangu itavuja. Nifanyeje? – Msomaji, Mhunze*

Ndugu msomaji, hofu yako ni ya haki. Mji mdogo habari hazilali. Utafiti mzuri huwashirikisha wahusika tangu kupanga maswali, ndipo huduma ziwafae. Kabla ya kukubali, omba kuona kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa (NIMR), usomewe fomu ya ridhaa. Dodoso liwe na namba, si jina. Chagua mwenyewe pa kuhojiwa. Unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Wakikupima VVU, majibu yako ni siri kwa sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008. Ukihofia umeambukizwa, wahi kituo cha afya ndani ya saa 72 tangu tukio la hatari upate dawa kinga.