Elimu kwa Umma: Unaumwa Wapi Hasa?

Maelezo haya ni kwa wasemaji wa Kiswahili wa Rayners Lane na mitaa jirani ya Harrow, wanaotumia huduma ya afya ya taifa, NHS.

Nikisema mkono unaniuma, mbona daktari anauliza tena?
Mkono wetu huanzia begani hadi ncha za vidole, ila Kiingereza kina neno moja la bega hadi kifundo, na jingine la kiganja na vidole. Mguu nao ni vivyo hivyo. Taja sehemu yenyewe: kiwiko, kiganja, paja, goti, muundi (mfupa wa mbele chini ya goti) au unyayo.

Na tumbo?
Wahudumu huligawa sehemu nne, kwa mistari miwili inayokutana kitovuni. Juu kulia, chini ya mbavu, ndiko liliko ini. Chini kulia ndiko kiliko kidole tumbo, kijiutumbo kinachoweza kuvimba ghafla. Weka kidole kimoja panapouma zaidi, kisha eleza kama maumivu yanahama.

Nikisema moyo unaniuma?
Wengi humaanisha chembe cha moyo, yaani kibonde kilicho chini ya mfupa wa kidari, ambapo kiungulia nacho huchoma. Lakini usijipimie mwenyewe. Kifua kikibana, maumivu yakasambaa mkononi, shingoni au tayani, au ukatoka jasho na kukosa pumzi, piga 999 mara moja.

Kushoto ni kwa nani, kwangu au kwa daktari?
Ni kwako siku zote, hata mkiwa mmetazamana. Katika anatomia, elimu ya umbo la mwili, mtu huelezwa kana kwamba amesimama wima, uso na viganja vikielekea mbele. Kabla ya upasuaji wa upande mmoja huchorwa mshale kwenye ngozi: utazame, na ukiona umekosewa, sema.

Ni kweli mkalimani hulipiwa?
Wapo waliosikia hivyo, na hofu yao inaeleweka, lakini mgonjwa wa NHS halipi mkalimani. Mwombe mapema, unapopanga miadi. Usimtwike mtoto kazi hiyo: huenda hajui nyongo wala wengu, au akaona haya kutamka jambo la mama yake.

Naona aibu kutaja sehemu za siri.
Uke, uume, korodani na njia ya haja kubwa ni majina ya viungo, si matusi. Una haki ya kuomba mtu wa tatu awepo wakati wa uchunguzi, na kuusimamisha wakati wowote. Unaweza pia kuomba mhudumu wa jinsia yako, ingawa huenda ukasubiri.

Nianzie wapi?
Jiandikishe kwa daktari wa mtaa. Kukosa kitambulisho au uthibitisho wa anwani si sababu ya kukataliwa. Kwa jambo la haraka lisilohatarisha maisha, piga 111, bure, usiku na mchana. Hospitali ya Northwick Park, yenye idara ya dharura, iko karibu na kituo cha tatu kwa treni ya Metropolitan kutoka Rayners Lane.

Ndugu msomaji, jina la kiungo likikupotea, onyesha kwa kidole. Usiseme tu “mwili wote unauma” ukaondoka.