Fatwa ya 1914 na Waliokufa Vitani Ziwa Nyanza

Wanafunzi wa darsa la Kisumu wametuletea suala: Khalifa wa Istanbul alitangaza jihadi mwaka 1914, na wazee wetu wa pwani na wa Ziwa Nyanza wakatumika chini ya bendera ya Mwingereza. Je, waliokufa walikufa hali ya kuwa ni waasi wa Khalifa? Suala hili si dogo, kwani linahusu maiti wa Kiislamu, kama waombewe rehema au wasemwe kwa ubaya.

Kwanza tutazame tarehe. Fatwa ilitangazwa Istanbul tarehe 14 Novemba 1914, nayo ilitolewa na Sheikhul-Islam Hayri Efendi katika enzi ya Sultani Mehmed wa Tano. Na Kisii ilipiganiwa tarehe 12 Septemba, yaani miezi miwili kabla yake. Wajerumani walivuka mpaka wakauingia mji. Askari wa KAR wakavushwa kwa meli kutoka Kisumu, wakashukia Kendu, wakapanda vilima kwa miguu kwenda kuwakabili. Jeshi la KAR lilikuwa na Wanubi Waislamu, na jeshi la Wajerumani lilikuwa na Wasudani na Waswahili, Waislamu vile vile. Ndugu wa Kibla kimoja walikuwa wamekwisha kuingizwa katika vita vya kuuana hali neno la jihadi halijatamkwa. Basi vita hivi havikuanzwa kwa ajili ya dini. Dini iliitwa baadaye, kama aitwavyo shahidi baada ya mauzo kwisha.

Vilianzwa kwa sababu gani? Mrithi wa ufalme wa Austria na Hungaria aliuawa Sarajevo, mji wa Bosnia, tarehe 28 Juni 1914. Bosnia ni nchi yenye Waislamu wengi, na kwa jina ilikuwa ya Khalifa mpaka mwaka 1908, ufalme huo ulipoitwaa moja kwa moja. Waziri Mkuu wa Hungaria, István Tisza, mwanzoni aliikataa vita. Si kwa huruma, bali aliogopa ufalme usije ukaongezewa Waslavi. Katikati ya Julai akakubali. (Wahungaria si wageni kabisa katika nchi yetu. Teleki, mmoja wa mabwana wakubwa wa Hungaria, ndiye aliyefika Ziwa Turkana mwaka 1888 na wapagazi wa pwani, akalipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti wa zama zile. Na jina hilo likadumu mpaka 1975.) Tarehe 2 Agosti 1914 Waturuki wakafunga mapatano ya siri na Ujerumani, na Austria na Hungaria wakawa upande mmoja nao.

Sasa tuisome fatwa. Ilikuwa maswali matano na majibu yake. Iliwawajibishia jihadi Waislamu walio chini ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Katika swali la mwisho ikasema kuwa Muislamu aliye chini ya dola hizo akipigana na Ujerumani na Austria, wasaidizi wa Dola ya Uthmaniya, amefanya dhambi kubwa. Tazameni, ndugu zetu! Aliyemnyang'anya Khalifa Bosnia mwaka 1908, mwaka 1914 kumpiga vita kumekuwa maasi. Na katika ufuko wa ziwa letu, Muislamu wa Karungu akimtii mtawala wake Mkristo anatenda dhambi, na nduguye wa Mwanza akimtii mtawala wake Mkristo anatenda ibada. Kilichowatenga ni mstari uliochorwa na hao hao Wazungu. Hukumu gani ya Sharia hugeuka kwa kuvuka mpaka kama huo?

Na huyo rafiki mpya alikuwaje? Mwaka 1913 Gavana Schnee wa Dar es Salaam aliwapelekea maofisa wake wa wilaya maswali juu ya kuenea kwa Uislamu na namna ya kuuzuia. Mwaka uliofuata serikali hiyo hiyo ikawa inawahimiza Waislamu kwa jina la jihadi.

Wala Mwingereza hakuwa mbora wake. Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja aliwahimiza Waislamu wabaki na Waingereza. Mwaka 1916 Sharif Hussein wa Makka akawaondokea Waturuki kwa ahadi za Mwingereza, na mwezi ule wa Mei kabla hajaondoka, Mwingereza na Mfaransa walikuwa wamekwisha gawana nchi za Waarabu kwa siri.

Hatusemi kuwa kupatana na asiye Muislamu ni haramu. Mtume (s.a.w.) alipatana na Makureshi Hudaybiya, na akalisifu Hilful-Fudhul, fungamano la zama za Jahiliya, kwa kuwa lilikuwa la kumsaidia aliyedhulumiwa. Kwa insafu tuseme pia kuwa sheria ya Austria ya mwaka 1912 na ya Hungaria ya mwaka 1916 ziliutambua Uislamu, na Waislamu wa Bosnia wakanufaika. Tunachokikataa ni maslaha ya wafalme kuvishwa kilemba cha fatwa.

Ama jibu la suala, watu wale hawakuwa wa namna moja. Wengi kabisa walikuwa wapagazi, hao wa "Kariakoo". Jimbo la Nyanza lilitoa watu wengi, na John Ainsworth, mkuu wa jimbo aliyekaa Kisumu, mwaka 1917 alipewa kazi ya kuwapata kwa nchi nzima. Walichukuliwa kwa nguvu, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara na njaa kuliko risasi. Aliyelazimishwa hana dhambi ya alilolazimishwa. Hili halina khitilafu ya kusumbua. Askari wa mshahara, kama wale waliopakiwa melini Kisumu mwezi wa Juni 1915 kwenda kuivamia Bukoba, jambo lao ni zito zaidi. Kumuua Muislamu bila ya haki ni dhambi kubwa, na mshahara si udhuru. Lakini dhambi hiyo, kwa atakayekuwa nayo, ni ya damu ya Muislamu, si ya kuwaasi washirika wa Khalifa. Na askari wa Kijerumani aliyempiga risasi Mnubi pale Kisii yumo katika hesabu hiyo hiyo.

Basi wote wawili waombeeni rehema, na aliye na babu aliyefia safarini asione haya kumsomea.

Wabillahi tawfiq.