Asidi na Besi kwa Maua na Majivu: Namna Ninavyofundisha Pinga

Katika mji wetu wa Pinga, ulioko pale Masisi na Walikale zinapopakana, mwanafunzi wa sekondari aghalabu humaliza masomo hali amekwisha kuhifadhi kwamba asidi na besi zikikutana huzaa chumvi na maji, wala asipate kuliona jambo hilo likitendeka mbele ya macho yake, kwani dawa za maabara ni ghali, safari ya Goma ni ya taabu, na miaka ya vita haikubakisha vyombo vya kioo mahali pengi. Mimi nafundisha somo hilo huku, na rai yangu ni kwamba jicho litangulie na fomula ifuate. Na vitu vitakiwavyo kwa kazi hiyo vyapatikana vyote sokoni na uani.

Rangi ya kupimia

Chuma maua mekundu ya hibiskasi, utoe majani yake mekundu peke yake, uyatie katika maji ya mvua yanayochemka, kisha uepue na kufunika hata yapoe. Utapata maji ya zambarau iliyokolea, ambayo yakikutana na asidi hugeuka rangi ya waridi, na yakikutana na besi hugeuka kijani. Rangi hiyo huharibika upesi, basi itengenezwe jioni ya kuamkia somo. Na atakaye kuihifadhi na achovye vipande vya kitambaa cheupe cha pamba, kilichosuuzwa hata kisibaki na sabuni, aviache vikauke kivulini. Karatasi za daftari hazifai, kwa sababu nyingi katika hizo hutiwa unga wa chokaa kiwandani, nao ni besi, hivyo karatasi hujibu kabla hujaiuliza.

Maji ya majivu

Kwa upande wa besi, maganda ya ndizi yatosha. Yakaushwe juani, yachomwe juu ya bati safi mpaka yawe majivu meupe, yatiwe katika kopo lililotobolewa chini na kutandikwa kitambaa, kisha maji ya moto yamiminwe juu yake kidogo kidogo, yachuruzike chomboni. Matone ya kwanza, yenye rangi ya chai, ndiyo makali kuliko yote, maana ndiyo yaliyobeba kwa wingi kaboneti ya potasi, ambayo mama zetu wameitumia tangu kale kulainisha maharagwe na kupikia sabuni ya mawese.

Kupima vitu vya nyumbani

Panga vikombe vyeupe kwa mstari: maji ya ndimu yaliyochujwa, maji yaliyojitenga juu ya mashanza (maziwa yaliyochachuka), maji ya mvua, maji ya bikaboneti, maji ya sabuni, na mwisho maji ya majivu. Wanafunzi watabiri kwanza, kila mmoja aandike, ndipo utie kijiko cha rangi katika kila kikombe. Kasiksi, yaani pombe ya ndizi, ikichacha nayo ni asidi, kwa kuwa pombe yake imegeuzwa kuwa siki. Lakini kwa vile ina rangi yake yenyewe, ipimwe kwa kitambaa. Hapo ndipo nimtajapo Sørensen, mwanakemia wa Denmark aliyebuni kipimo cha pH mwaka 1909 katika maabara ya Carlsberg, wapika bia wa Copenhagen. Na watu wa nchi ya kasiksi hawahitaji kuelezwa kwa nini mpika pombe ashughulikie uchachu. Katika kipimo hicho maji safi yana 7, na kila hatua moja ni mara kumi, hata ndimu iliyo karibu na 2 huyapita mashanza yaliyo kati ya 4 na 5 kwa mara mia na zaidi.

Bilauri mbili

Sasa ndiyo kiini cha somo. Katika bilauri ya kwanza tia maji ya ndimu pamoja na rangi, nayo yatakuwa waridi. Kisha ongeza maji ya majivu kwa kijiko. Povu litapanda papo hapo, na kijiti cha kiberiti kinachowaka, kikishushwa mdomoni mwa bilauri, kitazimika, dalili ya kwamba gesi itokayo ni kaboni dayoksaidi. Katika bilauri ya pili fanya kinyume: anza na maji ya majivu pamoja na rangi, nayo yatakuwa kijani, udondoshe ndimu tone kwa tone huku ukikoroga. Safari hii kutakuwa kimya kwa muda, ilhali vitu vilivyochanganywa ni vile vile. Kisha, ndimu inapozidi, povu huanza.

Waache wabishane kabla hujawaeleza. Sababu ni kwamba kaboneti huipokea asidi kwa daraja mbili: kwanza hugeuka kuwa bikaboneti, pasipo gesi, na baadaye tu, ikipata asidi zaidi, bikaboneti huvunjika ikawa maji na gesi. Penye ndimu tele daraja zote mbili hupitwa kwa mara moja. Penye majivu tele asidi huishia daraja ya kwanza. Baada ya hayo ndipo nichukuapo chaki na kuandika ioni za H⁺ na OH⁻ alizotufundisha Arrhenius wa Uswidi, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1903.

Tahadhari

Maji makali ya majivu hutelezea vidoleni kwa kuwa yanageuza mafuta ya ngozi kuwa sabuni, na yakiingia jichoni hudhuru. Basi ndoo ya maji safi iwe karibu, na ulimi usifanywe kipimo cha kitu chochote. Maji ya betri za magari na za sola ni asidi ya salfuriki, inayochoma nguo na nyama, nayo haina nafasi katika somo hili.

Walimu wenzangu wa Mweso, Kitshanga na Walikale, kabla hamjaandika mlingano wowote ubaoni, wekeni bilauri hizo mbili mezani, muwaulize wanafunzi ipi itatoa povu mapema, na kwa nini.