Somo la 12: Mionzi au Dawa?

Tuseme baba yako ana saratani ya mapafu. Alikohoa kwa miezi. Mlidhani ni kifua kikuu. Alipopimwa, haikuwa hivyo. Sasa daktari wa hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ametaja matibabu mawili: mionzi na dawa. Nyumbani mnabishana. Kaka yako anasema, "Mionzi itamchoma mzee." Shangazi anasema, "Dawa zile hunyonyoa nywele. Zitammaliza." Je, wewe utasema nini?

Kwanza tufahamu kazi ya kila tiba.

Mionzi hutoka kwenye mashine. Haionekani kwa macho. Huelekezwa mahali penye uvimbe tu. Mgonjwa hulala kwa dakika chache, wala hasikii maumivu. Mara nyingi huenda siku 5 kwa wiki, kwa wiki kadhaa. Baadaye anaweza kuchoka, na kumeza chakula kunaweza kuuma. Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Mzee anaweza kukaa na wajukuu zake bila hofu.

Dawa mara nyingi huingia kwa dripu, kwenye mshipa. Hufuata damu mwili mzima. Mara nyingi hutolewa kila baada ya wiki 3, ili mwili upumzike. Huweza kuleta kichefuchefu na kunyonyoa nywele. Nywele kwa kawaida huota tena. Hatari kubwa ni kwamba mwili hupungukiwa kinga. Mgonjwa akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa fikiria shamba. Magugu yakiwa pembeni tu, utapalilia pale pembeni. Yakienea shamba zima, kupalilia pembeni hakutoshi.

Saratani ni vivyo hivyo. Usiulize, "Tiba ipi ina nguvu zaidi?" Uliza, "Ugonjwa umefika wapi?" Ukiwa mdogo, mahali pamoja, huweza kukatwa kwa upasuaji au kutibiwa kwa mionzi. Ukienea mwilini, mionzi ya kifuani peke yake haitoshi. Dawa huhitajika. Wagonjwa wengi hupewa zote mbili. Hata ugonjwa ukifika kwenye mifupa, mionzi huweza kupunguza maumivu.

Tuseme kweli. Saratani ya mapafu iliyoenea mara nyingi haiponi. Lakini tiba huweza kumwongezea mgonjwa siku, na kumpunguzia mateso. Kwa hiyo mwulizeni daktari maswali haya:

1. Ni saratani ya aina gani, na imefika wapi?
2. Tiba hii ni ya kuponya au ya kupunguza maumivu?
3. Tutakaa mjini muda gani, na gharama ni kiasi gani?

Kisha mwulizeni mzee mwenyewe. Mwili ni wake. Na kama anavuta sigara, aache leo.

Maswali ya kujadili

1. Mionzi na dawa zinatofautiana vipi?
2. Utamjibu nini kaka? Utamjibu nini shangazi?
3. Kwa nini mgonjwa mwenyewe aulizwe?